Koleo Niliyemfua Mwenyewe

Wale mlioniacha mlangoni wiki iliyopita, ingieni. Lakini msikae. Leo mwenyewe nimesimama, na nikisimama kwa hasira huwa sikai upesi.

Mnakumbuka mjukuu wangu alirudi kutoka mazoezini akiwa ameubeba mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Nikamuuliza, "Mama yangu, umefanyaje?" Namwita mama kwa sababu amerithi jina la mama yangu mzazi, na ukaidi wake wote ameurithi.

Akanijibu, "Sikugonga, Babu."

Akatabasamu. Kisha akaanguka sakafuni.

Kwa mgeni wa hadithi hii: mimi ni fundi makochi mstaafu. Miaka arobaini na moja nimevuta uzi wa nailoni, na magodoro yote ya ukumbi wa Mwalimu Koleo nimeyashona mimi. Koleo anafundisha jiujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukamatana chini na kukunjana viungo. Ukibanwa ukaona huwezi tena, unampiga mwenzako vikofi viwili, pa pa, naye anakuachia hapo hapo. Huko ndiko kugonga. Ndiyo breki ya mchezo mzima.

Na mjukuu wangu, mwenye miaka kumi na sita na akili ya kwanza darasani, alikuwa anajisifu kwamba hana breki.

Daktari wa mifupa aliitazama picha ya kiwiko akaitazama tena.

"Kano zimechanika. Plasta wiki sita," alisema. "Na unisikilize vizuri, binti. Zikichanika tena, mkono huu hautanyooka. Hutainua hata ndoo ya maji."

"Na wa kushoto?" mjukuu akauliza.

"Wa kushoto una nini?"

"Hauna kitu. Nauliza kama naweza kuendelea na mazoezi kwa huo."

Daktari akanigeukia mimi. Sijui kwa nini watu wenye elimu wakiona upumbavu kwenye familia wanamtafuta mzee kwa macho.

Binti yangu, mama wa mtoto, alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka ghalani anakoendesha foklifti ya kuinulia mizigo, na kizibao chake cha njano kinachong'aa. Mtu anayeinua tani mbili kwa kidole huwezi kumfanyia masihara.

"Baba, twende nje."

Tukaenda koridoni.

"Nilikuuliza mara ngapi kuhusu yule mwalimu?"

"Mara moja."

"Mara tatu! Ya kwanza ukasema mwalimu bora kuliko huyo hajazaliwa. Ya pili ukasema kwenye fainali, ughaibuni, mbele ya watu elfu nane, alikamatwa na jitu la kilo mia na arobaini, mkono ukalia kama mlango mbovu, hakugonga, na kwa mkono uliobaki akalilaza lile jitu usingizi. Ya tatu..."

"Ya tatu nilisema kilo mia na sitini."

"Baba!"

Nesi aliyekuwa anasukuma kiti cha magurudumu akapunguza mwendo ili asikie vizuri.

"Uliona kwa macho yako?" binti yangu akauliza.

Nikakohoa. Kikohozi changu kimeniokoa kwenye mengi, lakini siku hiyo kilikuwa kikavu.

"Nilisikia kwa watu."

"Watu gani?"

Watu gani! Jamani, wasomaji wangu, watu wale walisikia kwangu.

Basi leo naungama. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilipitia saluni, ikapita sokoni, ikaishia wodi ya mifupa.

Nilipokuwa nashona yale magodoro, miezi miwili mfululizo nilikaa pembeni ya ukumbi na sindano yangu, nikimtazama Koleo akifundisha. Wakati huo hakuwa Koleo. Alikuwa Mwalimu tu, na alikuwa na wanafunzi wanne.

Nusu saa ya kwanza ya kila somo hakufundisha mtu kushika. Alifundisha kuachia. Wanafunzi wanalala chini wawili wawili, mmoja anamwekea mwenzake mkono bila nguvu, mwenzake anagonga, anaachia. Pa pa, achia. Pa pa, achia. Akichelewa mmoja kuachia, hata kwa kufumba jicho, Mwalimu anasimamisha darasa zima.

"Kuachia kwanza," alikuwa anasema. "Kushika baadaye. Mwenye mkono mgumu wa kuachia sitamfundisha kushika."

Watu walikuwa wanachungulia dirishani wanacheka. "Ndiyo mapigano gani haya? Wanapigiana makofi kama chekechea!" Wanaondoka zao.

Roho iliniuma. Mafunzo yale yalikuwa mazuri kama mshono wa ndani, ule usioonekana lakini ndio unaoshika kochi. Na nani anasifu mshono wa ndani?

Siku moja niko kwa Mama Saluni, nambadilishia ngozi ya viti vya kuoshea nywele. Akaniuliza, "Mzee, yule mwalimu kiwiko chake cha kulia hakinyooki. Ana nini?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini neno hilo tangu nizaliwe halijawahi kupata nafasi mdomoni mwangu.

Nikamwambia habari ya fainali. Nikamwambia mkono ule ulipindia pale pale ulipokataa kuvunjika, na ndiyo maana wanaomjua wanamwita Koleo, maana akikubana ni chuma. Jina lenyewe nililitoa kwenye boksi langu la zana, lilikuwa wazi mbele yangu. Nilipofika kiti cha tatu, jitu lilikuwa limeongezeka kilo ishirini na ndugu wawili.

Mama Saluni ana wateja thelathini kwa siku. Redio hazimfikii.

Wiki ile ile ukumbi ukajaa. Miezi miwili baadaye wanafunzi walikuwa sitini. Na hawakuja kujifunza kuachia. Walimtaka Koleo. Nusu saa ya kugonga ikawa dakika kumi, ikawa dakika tatu, ikawa haipo.

Kisha Koleo akaniletea kipande cha turubai jekundu, akaomba nimshonee maandishi ya kutundika ukutani: HAPA HAGONGI MTU.

Nikashona. Herufi nyeupe, uzi mara mbili. Nikasimama chini yake nikapigwa picha. Tena nilicheka, nikajiambia, lo, mzee, umemfua mtu kwa mdomo wako mtupu.

Wiki mbili baadaye mjukuu wangu akaniomba ajiunge. Nikampeleka mimi mwenyewe, kwa mkono huu.

Kesho yake baada ya hospitali nilimkuta Koleo peke yake, asubuhi, anapiga deki magodoro kwa maji ya dawa.

"Shikamoo, Mzee."

"Sijaja kuamkiwa."

Akasimamisha deki. Mtu ukimnyima marahaba anajua mvua imeshanyesha.

"Mjukuu anaendeleaje?"

"Ulikuwepo alipoumia?"

"Nilikuwepo."

"Umbali gani?"

"Hatua mbili."

"Yule msichana aliyembana, alikutazama kabla ya kukaza?"

Akakamua tambara. Akalikamua tena, halina maji.

"Nakuuliza! Alikutazama?"

"Alinitazama."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, endelea."

Niliipiga teke ndoo ya maji. Ilikuwa ya chuma, nikavunjika ukucha, lakini sikuonyesha.

"Ningekuwa na miaka hamsini," nikamwambia, "ningekuzika ndani ya godoro hili, na ningelishona pasijulikane palipofunguliwa!"

"Mzee, mimi naitwa nani?"

"Usinizungushe."

"Nauliza. Naitwa nani?"

"Koleo."

"Nani alinipa hilo jina?"

Nikatazama chini. Maji ya dawa yalikuwa yanaingia kwenye viatu vyangu.

Akavuta mkono wa fulana, akanionyesha kile kiwiko. Sikuwahi kukitazama kwa karibu. Kilikuwa kimepinda kama ndoano ya kutundikia nyama.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema. "Mwalimu wangu alikuwa na wageni. Akanikamata niwe mfano. Nikagonga. Hakuachia. Nikagonga tena. Nilikuwa nahesabu, Mzee. Niligonga mara kumi na moja. Alitaka wageni waone nguvu zake. Hiyo ndiyo fainali yangu. Hakukuwa na watu elfu nane. Walikuwa tisa, na mmoja alikuwa fundi bomba."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduka. 

"Nilikwenda kwa yule wa saluni siku ya kwanza," akaendelea. "Nikamwambia si kweli. Akacheka, akasema watu wakubwa hawajisifu. Kesho yake wakaja kumi na watano. Wewe umewahi kufundisha watu wanne kwa miaka sita, Mzee? Watu wanne, na mmoja ni shemeji yako?"

Kwa sekunde moja nilimwonea huruma. Sekunde moja tu. Kisha nikaiona plasta ya mjukuu wangu, nyeupe, nzito, inaning'inia shingoni kwake, na damu ikapanda hadi kwenye ndevu.

"Kwa hiyo ulijua," nikasema.

"Nilijua nini?"

"Ulijua kukazwa kupita kiasi kunafanya nini! Mimi nilidanganya bila kujua, mpumbavu mzee mwenye mdomo. Wewe umebeba ukweli kwenye kiwiko chako, unaoga nao, unalala nao, halafu mtoto wa watu anabanwa hatua mbili kutoka ulipo, unasema endelea! Mwalimu wako ana nafuu kuliko wewe. Yeye hakujua inavyouma."

Nililiona neno likimwingia. Nilifurahi likimwingia.

"Jumapili wazazi wanakutana hapa," nikasema. "Utasimama useme ukweli."

"Uongo ni wako, Mzee. Anza wewe."

"Nitaanza! Na ukimya ni wa nani?"

Akainama kuokota tambara.

Nyumbani nilimkuta mjukuu kitandani anachora kwenye plasta yake kwa kalamu, kwa mkono wa kushoto. Alikuwa anachora koleo.

"Mama yangu, kwa nini hukugonga? Nieleze taratibu. Mimi ni mzee."

"Mtu wa kwetu hagongi."

"Nani kasema?"

Akanitazama kama nimepoteza fahamu. "Wewe, Babu! Si ulisema babu yako alinaswa mkono kwenye mashine ya kukamua mafuta, akakaa kimya mpaka mashine ikaona aibu, ikazimika? Nilipobanwa nikamkumbuka yeye."

Mungu wangu.

"Mama, yule mzee hakuwepo."

"Hakuwepo wapi?"

"Popote. Nilimtunga ulipokuwa na surua, ukakataa dawa. Babu yangu wa kweli alikuwa anauza mikeka, na akichomwa na mwiba mtaa wa pili wanasikia."

Akacheka. Akacheka mpaka akajishika plasta.

"Babu, Mama amekukaripia, eti? Amekuambia uje useme hivyo."

"Naapa."

"Unaapa kila siku. Uliapa umewahi kushona kochi la mfalme ukiwa umefungwa macho." Akarudi kuchora. "Wakinitoa plasta, narudi. Na sigongi. Siku Mwalimu Koleo akigonga, na mimi nitagonga."

Nikatoka chumbani nikasimama koridoni. Hamjui hasira ilivyo mpaka muikasirikie sauti yenu wenyewe. Nilitamani kuichukua sindano kubwa ile ya magodoro niushone huu mdomo, uzi mara mbili.

Lakini nikaondoka na jambo moja mkononi. Amesema siku Koleo akigonga. Basi ni lazima Koleo agonge, na mjukuu wangu awe anatazama. Ukweli wangu mtupu asingeutaka hata bure.

Jumapili saa nane mchana wazazi wamejaa, viatu mlangoni, viti vya plastiki pembeni, wanafunzi wamekaa kwenye magodoro yangu. Juu yao lile turubai jekundu. Mama Saluni alikuwa mwenyekiti, kwa sababu mwanawe anafundishwa hapo na kwa sababu hakuna mkutano ambao yeye si mwenyekiti.

Binti yangu hakusubiri salamu ziishe.

"Huyu mtu afungiwe leo. Aliona mtoto anaumia akasema endelea."

Baba mmoja, dereva wa lori, akasimama. "Kwa heshima, dada. Mwanangu kabla ya kuja hapa alikuwa analialia ovyo. Sasa halii."

"Halii, au amekatazwa?"

Yule dereva akafungua mdomo, akamtazama mwanawe pale chini, akakaa.

"Tusikasirike," akasema Mama Saluni. "Mwalimu mwenye historia kama hii utampata wapi? Watu elfu nane..."

"Hawakuwepo!" nikasema.

Nikasimama. Nikasema yote. Kiti cha kuoshea nywele, boksi la zana, jina, jitu, kilo, ndugu wawili wa jitu. Nikasema Mwalimu aligonga mara kumi na moja na hakuachiwa. Nikasema zamani, kabla yangu, alifundisha kuachia kwanza, na hayo ndiyo mafunzo waliyopaswa kuwaleta watoto wao wajifunze. Sikuongeza hata chumvi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusimulia kitu kama kilivyo, na nilijisikia nimesimama mbele za watu na nguo za ndani.

Mama Saluni akaanza kucheka.

"Jamani, huyu mzee namjua miaka ishirini. Akidanganya, sikio lake la kushoto linacheza. Mtazameni! Linacheza!"

Ukumbi mzima ukalitazama sikio langu. Na kweli lilikuwa linacheza. Lilikuwa linacheza kwa hasira!

"Mzee, siku zote umetuambia kweli, leo ndiyo umeamua kutudanganya?" mtu akapaza sauti nyuma. Wakaangua kicheko. Mjukuu wangu naye alicheka, mkono wa kushoto mdomoni. Hicho ndicho kilichoniuma.

"Basi muulizeni mwenyewe!" nikafoka. "Yupo pale, ana mdomo. Muulizeni!"

Mama Saluni akafuta machozi. "Mwalimu, Mzee anasema kweli?"

Koleo alisimama katikati ya magodoro. Akalitazama turubai. Akawatazama wanafunzi wake sitini, ambao zamani walikuwa wanne. Akanitazama mimi, nikadhani, sasa.

"Mzee ana uchungu wa mjukuu," akasema, kwa sauti ya upole kabisa. "Tumsamehe."

Wakapiga makofi.

Wasomaji wangu, nimewahi kuibiwa cherehani. Nimewahi kufukuzwa nyumba niliyoijenga. Sijawahi kusikia kitu kama makofi yale. Huyu mtu nilimpa jina, nikampa watu, nikampa mkono wa hadithi kufunika mkono wake wa kweli, na leo ananisamehe!

Nikaanza kuvua soksi.

"Baba, unafanya nini?" binti yangu akauliza.

"Lala chini," nikamwambia Koleo.

"Mzee, tafadhali."

"Lala chini! Mimi nina uchungu wa mjukuu, si ndiyo? Nina miaka sabini na moja, goti moja, na nusu ya lingine. Wewe umelilaza jitu. Unaogopa nini?"

Wanafunzi wakashangilia. "Mwalimu, mpe Mzee raha yake!" Mmoja akaanza kupiga godoro kwa viganja, wengine wakafuata. Koleo akaona hana pa kutokea. Ningekuwa mimi mwenyewe ningemwonea huruma, lakini sikuwa mimi.

Akalala chali.

"Mkono upi?" akauliza.

"Unaujua."

Miezi miwili nilikaa pembeni na sindano nikitazama. Mwenye macho hahitaji darasa. Nikakaa ubavuni kwake, nikampitishia mguu mmoja kifuani na mwingine shingoni, nikauvuta ule mkono uliopinda katikati ya mapaja yangu, kidole gumba juu. Magoti yakanilaani. Nikaubana kifuani kama ninavyobana kona ya kochi nikitafuta mahali pa kupigilia msumari.

"Polepole, Mzee," akaninong'oneza, hata midomo haikutikisika. "Huo haunyooki. Unajua haunyooki."

"Gonga."

"Siwezi. Wanatazama."

"Mjukuu wangu naye alikuwa anatazamwa."

Nikainua kiuno kidogo. Kidogo tu, upana wa kidole.

Uso wake ukabadilika rangi. Jasho likamtoka kwenye nywele likaanguka kwenye godoro, nikalisikia, tap, juu ya mshono wangu. Ukumbi ukaacha kupiga viganja.

"Gonga, mwanangu," nikasema, na sauti yangu ikanishangaza. "Gonga mara mbili tu. Yule mtoto anakungoja wewe. Amesema ukigonga atagonga."

Akafumba macho. Mkono wake ulio huru ukanyanyuka kutoka kwenye godoro.

"Usigonge, Mwalimu!"

Alikuwa mjukuu wangu. Alikuwa amesimama, plasta ikining'inia, macho yanawaka. "Usigonge! Mtu wa hapa hagongi!"

Na watoto sitini wakapokea. "Hagongi! Hagongi!" Sauti ile ile niliyoishona pale ukutani, herufi kwa herufi.

Mkono wa Koleo ukabaki hewani, shubiri moja kutoka kwenye paja langu. Haukushuka.

"Baba, achia!" Binti yangu alikuwa anaruka viti akija. "Baba, inatosha, achia!"

Ndani ya kile kiwiko nikaisikia sauti ninayoijua kuliko zote. Ni ile ya uzi wa nailoni uliofika mwisho wake. Fundi yeyote akiisikia analegeza hapo hapo, bila kufikiri, maana mvuto mmoja zaidi ndio unaokata.

Kuachia kwanza. Nilimsikia akifundisha hivyo asubuhi sitini mfululizo. Nililijua somo lile kuliko mwanafunzi yeyote mle ndani.

Nikaiambia mikono yangu iachie.

Mikono yangu haikuachia. Iliyakumbuka yale makofi, ikaikumbuka ile "tumsamehe", ikakaza.

Mjukuu wangu akasogea hadi ukingoni mwa godoro, akapiga magoti, akaacha kupiga kelele. Hakuwa anamtazama Koleo tena. Alikuwa ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe niliona ananiogopa.

"Babu," akasema taratibu. Akaunyoosha mkono wake mzima, ule wa kushoto, akauweka juu ya godoro langu, kiganja chini, kama mtu anayetaka kugonga.